Kondoo Aliyenikimbia Kanisani

Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili, na ujuzi wangu wote wa kondoo niliupata kwenye picha za kalenda. Nilizaliwa Machakos, kweli, lakini nililetwa mjini, mtaa wa Mbotela, nikiwa mgongoni mwa mama. Hilo halikunizuia kuwaambia watoto kila wiki kwamba Mungu ni mchungaji wetu, na kwamba kondoo huijua sauti ya mwenyewe.

"Ticha, umewahi kuona?" msichana mmoja akauliza.

"Mara nyingi sana," nikajibu. Uongo, tena kanisani.

Ili kuufunika, nikaahidi kuwaonyesha. Jirani yetu, mzee Mwislamu mwenye duka, alikuwa anafuga kondoo mmoja nyuma ya nyumba, akingojea Idi. Akaniazima bila maswali mengi. Wiki nzima nilimpelekea yule kondoo majani ya sukuma wiki nikitoka kazini, nikimwita kwa sauti nzito niliyodhani ndiyo ya manabii. Alikula. Nikaamini tumeelewana.

Jumapili nikavaa suti. Nikamleta kondoo hadi mlangoni mwa kanisa, nikamfungua kamba, nikaenda mbele na kunyoosha mikono. "Njoo, kondoo wangu!"

Akanitazama kidogo. Kisha akageuka, akatoka mbio.

"Ticha, kondoo amehepa!" watoto wakashangilia, kwa furaha ambayo mafundisho yangu hayakuwahi kuwapa.

Nilimfukuza kati ya nguo zilizoanikwa, nikimwita kondoo wangu, halafu nikimwita majina yasiyomfaa mtu mwenye Biblia kwapani. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo alivyozidi kuelekea Barabara ya Jogoo, kwenye malori. Tangu mama alazwe hospitalini, miezi miwili nyuma, maombi yangu yalikuwa hotuba. Siku hiyo nilisema tu, "Mungu wangu, mshike."

Mzee alikuwa ametoka dukani. Hakukimbia. Alizunguka polepole upande wa barabara, akatoa mlio mdogo wa ulimi, na kondoo akasimama, akamjia hadi magotini.

"Usimkimbize, kijana wangu," akaniambia. "Atadhani wewe ni fisi."

"Lakini nimemlisha wiki nzima, mzee!"

"Mimi nilikesha naye alipougua."

Nilirudi kanisani na matope hadi magotini. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu za somo, sikuzifungua. Nikawaambia watoto kwamba sijawahi kuchunga chochote, na kwamba nimekuwa nikiogopa mama atakufa, nikikimbia huku na huko na kumpigia Mungu kelele kana kwamba amelala.

"Kumbe labda alikuwa ananizungukia upande wa barabara," nikasema.

Mama alitoka hospitalini wiki chache baadaye, amekonda, akitembea kwa mkongojo. Alipohadithiwa alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaniuliza taratibu, "Uliogopa sana, mwanangu?"

Nikamwambia ndiyo, niliogopa.