Kengele Mbili za Théophile

Trrr, trrr. Miaka ishirini kengele hiyo ilikuwa ikilia sebuleni kwa Théophile, fundi wa simu wa kampani ya migodi pale Shituru. Sasa, mwaka 1994, mishahara ilikuwa imesahau njia ya kuja, na kengele ililia kama mtu mwenye homa. Betri za sentrali ya simu zilikuwa zimechoka, na hakuna aliyeleta nyingine.

Simu ilikaa sebuleni kwa kuwa ilikuwa ya mtaa mzima. Majirani waliingia kupokea habari za kwao, na majirani hawaingizwi chumbani. Lakini chumbani alilala mkewe, Fidélie, miguu imekufa tangu Pasaka. Na binti yao Marlène alikuwa ameandika kutoka Lubumbashi: Jumapili saa sita ataomba simu ya ofisi, awaage. Jumatatu anavuka kwenda Zambia, na kurudi hajui.

Théophile akavuta waya, akafunga simu ya pili kando ya kitanda.

"Telefone mbili, na bukari ya kula hamuna!" jirani yake Adolphe akacheka mlangoni. "Weye sasa minisitiri?"

"Minisitiri wa nyaya."

Kanuni aliijua, aliwafundisha wengi: laini ikiwa dhaifu, simu ya pili hukatwa kengele ili ya kwanza ipate nguvu ya kulia. Akashika bisibisi.

"Papa Marlène, acha," Fidélie akasema. "Minye nataka nisikie yangu ikilia. Ya mutoto wangu."

Akairudisha bisibisi mfukoni.

Jumapili alimchana nywele, akamfunga kitenge cha misa. Fidélie alikuwa amengoja tangu alfajiri. Karibu na saa sita usingizi ukamchukua. Théophile akakaa sebuleni peke yake.

Kitu kikafanya tik. Mjusi, alidhani. Tik tena, na chumbani nako, tik.

Aliruka. Alipoweka simu sikioni, hakukuwa na mtu. Kengele mbili zilikuwa zimegawana umeme uliotosha moja tu.

Akaingia chumbani kwa ncha za vidole, akakata kengele ya kando ya kitanda. Akangoja hadi jua likahama ukutani. Simu haikulia.

Fidélie akafumbua macho, akagusa nywele zake.

"Ililia?"

Théophile alikuwa bado ameshika bisibisi, mkono nyuma ya mgongo.

"Bado, Mama Marlène," alisema, kwa sauti ndogo kabisa. "Mutoto bado kuita."