Nukta ya Mama Mkubwa Teófila

Kazi ya Nélida Sullca pale Lima ni kuiuliza kompyuta swali lilelile kila siku: nani karithi hatari ya saratani ya titi, na ya aina gani? Kompyuta hujibu kwa madaha. Siku aliyojaza habari zake na za marehemu mama yake, aliyeuawa na ugonjwa huohuo, ikamwambia: hatari ndogo. Nélida akacheka peke yake, maana ofisini hana wa kucheka naye. Kompyuta yenyewe imefundishwa kwa habari za Wazungu elfu tisini na watu wa milimani arobaini na mmoja. Itamjulia wapi yeye, mtu wa milimani?

Akapanda basi hadi kijijini kwao, milimani juu ya mji wa Andahuaylas, na mkobani kichupa cha kutilia mate ya kupima vinasaba. Upande wa mama, mwanamke aliyebaki ni mama mkubwa Teófila tu.

Sasa shida: anayetoa mate asile kitu nusu saa kabla. Na kwa Teófila, mgeni hajakaa vizuri, sahani imeshafika.

"Viazi vinapoa."

"Nusu saa tu, mama mkubwa."

"Umetoka Lima kuja kunishindisha njaa? Umekonda kama ufagio, halafu unaniomba mate!" Akatema majani ya koka aliyokuwa akitafuna. "Haya. Na yako umeshatoa?"

Nélida akajifanya anasoma maandishi ya kichupa.

"Ahaa! Bingwa wa mate ya wenzake!"

"Naogopa, mama mkubwa."

"Na mimi je? Mimi jiwe?"

Wakakaa wanatazamana na viazi, jibini juu yake likikauka. Muda ulipotimia, Teófila akatema kichupani mpaka kwenye mstari, akajifuta mdomo kwa pindo la sketi, akasema, "Kula."

Miezi mitatu baadaye majibu yakatua kwenye skrini, kila mtu nukta, wanaofanana kwa vinasaba wamekaa pamoja. Majina yamefutwa, ila kutoka kijiji kile ilikuwepo moja tu. Wazungu wamerundikana kama nzige. Pembeni kabisa, mbali hata na wale arobaini na mmoja, nukta moja. Nukta moja haisemi lolote kuhusu hatari ya mtu, Nélida anajua. Akapiga simu.

"Nimekaa na nani humo?" Teófila akauliza.

"Uko peke yako. Pembeni."

"Na baridi hii! Mwanangu, si uje unikalie karibu?"

Simu ilipokatika, Nélida akasukuma kando chakula cha mchana alichokuwa hajakigusa, akatoa kichupa kipya, akaanza kuhesabu nusu saa.