Timu Haiposwi kwa Meseji

Binti yangu ameolewa Kanada, katika mji ulio katikati kabisa ya nchi ile, tambarare na baridi. Ni muuguzi. Mumewe ni mzaliwa wa hapo hapo, mtu mkimya, lakini ukimgusia hoki ya barafuni anaongea mpaka mate yanamkauka.

Zamani mji wao ulikuwa na timu ya hoki ya kulipwa. Wenye timu wakaona mji ni mdogo, wakaihamishia Marekani. Mkwe wangu alikuwa mtoto, akalia wiki nzima. Amekuwa mtu mzima, ameoa, ndipo siku moja ikatangazwa kwamba timu nyingine, ya mji mkubwa wa joto huko kusini mwa Marekani, inahamishiwa kwao. Binti yangu akanipigia simu siku tiketi zilipoanza kuuzwa.

"Baba, watu wamenunua viti vya misimu kadhaa mbele. Na timu haijapewa hata jina!"

"Huko kwenu mnatoa mahari kabla ya kumwona mwali?"

"Tena kwa kugombania, Baba."

Nilicheka, lakini jambo lile likanikaa. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne Tanga, nikajifunza ufundi wa rejeta kwa kupigwa spana mgongoni. Leo nina gereji yangu Bankstown, hapa Sydney, Australia, na sina aliyenishika mkono. Kwa hiyo habari ya watu kutoa cha kwao kwanza naielewa bila mwalimu.

Basi nikaanza kutazama. Mechi yao ya Jumamosi jioni kwetu Sydney ni Jumapili adhuhuri, kiangazi kikali. Mimi nimekaa na kaptula mbele ya feni, wao wamevaa makoti. Kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa fimbo hata leo siwezi kukiona, kinakwenda mno. Nilikuwa natazama watu. Uwanja wao si mkubwa, ila hakuna kiti kitupu, na mtu akianguka wanainuka wote kama wamekalia kaa la moto.

Siku moja nikamuuliza binti yangu, "Na kule ilikotoka, nani anaililia?"

"Hawakuwa wakija uwanjani, Baba."

"Hata mmoja?"

"Baba, nitakupigia. Mechi inaendelea."

Nilimwaza sana huyo mmoja. Kwa sababu mimi nilikuwa yeye.

Tulikuwa na timu yetu ya mpira wa miguu, Waswahili wa Bankstown. Tuliianzisha mimi na marehemu mke wangu: yeye alikuwa akifua jezi, mimi nikinunua mipira. Alipofariki nikaanza kufua mwenyewe. Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa nikiamka na sababu. Lakini watazamaji waliisha. Bankstown ni kubwa, watu wa kila taifa wamejaa madukani, ila pembeni ya uwanja tulibaki mimi na mbwa wa jirani. Wachezaji wenyewe wengi walishahamia St Marys, mbali huko magharibi mwa Sydney, kufuata nyumba za nafuu. Wakongo wako huko, Warundi wako huko, Watanzania na Wakenya wenye watoto wadogo wako huko. Mji wenyewe ni stesheni, maduka na viwanda vidogo basi. Lakini watu wapo.

Kabla msimu haujaanza, nikaletewa meseji kwenye simu na kapteni wetu. Ati, mzee shikamoo, tumeamua timu ihamie St Marys, tuletee jezi na nyavu.

Damu ilinichemka. Nikampigia.

"Wewe, binti wa watu ulimwoa kwa meseji?"

"Hapana, mzee, lakini hii ni timu tu..."

"Timu tu? Mwambie aliyekutuma, jezi ziko kabatini na funguo ninazo mimi. Timu haiposwi kwa meseji. Ina wazazi."

Wengine wakasema mzee kachanganyikiwa, wengine wakasema ana roho mbaya. Waseme. Nilijua wazi nikikataa moja kwa moja timu itakufa, na nikikubali ovyo Jumamosi zangu zimekwisha. Sikuwa na njia ya tatu. Nilichotaka ni kuombwa tu, kama anavyoombwa mtu mwenye mtoto wake.

Na wakaja. Jumapili, wakati ule ule wa hoki, nikasikia hodi. Walikuja watu wazima, si vijana: mzee mmoja Mkongo aliyevaa suti kwenye joto lile, mama wa Kirundi mwenye kanga begani, na mshenga wao, Mtanzania mwenzangu wa Pangani, aliyejua kabisa anafanya nini. Kapteni amejificha nyuma yao kama bwana harusi.

Nikasimama mlangoni. "Mnaingiaje bila kifungua mlango?"

Mshenga hakubabaika. Akanikabidhi sahani ya halua iliyofunikwa. Nikawapisha.

"Mzee," akaanza, "tumesikia hapa kuna mwali."

"Yupo. Ila hapiki vizuri. Mwaka jana kafungwa kila wiki."

"Tunampenda hivyo hivyo," akasema yule Mkongo. "Sisi si wezi, mzee. Tunakuja kuomba."

Nikawauliza swali langu la Kanada. "Mmeshatoa nini kabla ya kumwona? Maana kupiga makofi timu ikishinda kila mtu anaweza."

Mama wa Kirundi akanijibu, akihesabu kwa vidole. Kina mama wameshagawana zamu za kupika. Kijana wake ameshaomba uwanja halmashauri na amepewa. Watoto wameshachora mabango. Halafu akanitazama usoni. "Baba, mtoto yenu anakonda hapa. Mutupatie, tutamulisha."

Kwenye runinga, hoki ilikuwa inaendelea, sauti nimeizima, na wale watu wenye makoti walikuwa wameinuka wote.

"Na kilemba cha baba kiko wapi?" nikauliza.

Kumbe hata hiyo haki ya baba mwenye mwali walikuwa wanaijua. Mshenga akamwashiria kapteni, naye kijana akatoka nje mbio, akarudi na kiti cha kukunja, kipya, cha kitambaa cha buluu.

"Hiki kitakuwa pembeni ya uwanja, usawa wa mstari wa kati," mshenga akasema. "Hakikaliwi na mtu mwingine. Usipokuja, kitakaa kitupu na sote tutaona aibu."

Nikaenda kabatini nikatoa jezi. Nilikuwa nimezipiga pasi.

Mechi ya kwanza nilipanda treni, nikabadilisha, nikaingia nyingine mpaka St Marys. Sina uvivu wa safari, ila moyoni nilikuwa nimejiandaa kuona uwanja mtupu, niseme niliwaambia. Nikakuta ngoma. Nikakuta sufuria za pilau, watoto wanapigiana kelele kwa Kiingereza wakiwa na mabango ya Kiswahili, na kina mama wakimtukana refa kwa lugha tano. Kiti cha buluu kiko palepale. Nilipoketi, vigelegele vikapigwa kama vya mkwe, na sahani ya kwanza ikaletwa kwangu.

Tulifungwa. Hakuna aliyeondoka.

Kipindi cha pili simu yangu ililia. Binti yangu, yuko zamu ya usiku huko kwao, amepata nafasi ya kupumzika.

"Baba, uko wapi? Mbona kelele hivyo? Timu imeondoka kweli? Unajisikiaje?"

Wakati ule ule kapteni alikuwa amepata mpira, anakimbia pembeni kwangu, na yule mzee Mkongo ameshanikamata bega anapiga kelele masikioni.

"Nitakupigia, mwanangu," nikamwambia. "Mechi inaendelea."