Upepo Uliochelewa

Nilipokuwa mtoto nilijua kwamba upepo una macho. Kwetu Vuhovi, milimani karibu na Butembo, jambo hilo halikuhitaji ushahidi. Mtoto mchanga hakutolewa nje kabla kitovu chake hakijaanguka, maana upepo ukimwona humchukua. Basi dirisha lilizibwa kwa matambara, chungu cha majani ya mikaratusi kikachemshwa na kuwekwa kando ya kitanda, mvuke ukajaa chumba. Mwiko mwingine ulikuwa wa mluzi. Wakati wa kupeta maharagwe watoto tuliuita upepo kwa mluzi ubebe maganda, na ulikuja, nimeuona ukija. Lakini kwenye nyumba yenye kichanga, anayepiga mluzi anamwita mwizi.

Asiyeijua baridi ya Vuhovi na acheke. Mimi nimeamka kule ukungu ukiwa umelala mpaka kizingitini na vidole vikikataa kushika jembe. Kule, bibi aliyeziba dirisha alikuwa anaokoa uhai, na aliyebishana naye alikuwa mjinga. Nalikubali hilo mapema, ingawa wenzangu wa midahalo ya chuo wananijua kwa kutokubali kitu.

Nilikuwa na miaka tisa watu wenye bunduki walipotufikia shambani. Msiniulize walikuwa wa kundi gani. Siku zile makundi yalibadili majina mara nyingi kuliko sisi tulivyobadili nguo. Baba alirudi nyuma kufungulia mbuzi, na hatukumwona tena. Tuliobaki tukateremka Beni, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la mbao: Koko, yaani mama wa baba, Mama, mwenye mimba kubwa, mdogo wangu Katungu, na mimi, Masika.

Beni iko chini. Butembo unalala na blanketi mbili. Beni unasukuma hata shuka. Tulipata chumba kimoja chenye mabati ya kugusa kwa mkono na dirisha dogo kama mlango wa banda la kuku. Humo Mama alijifungua mvulana. Tukamwita Muhindo, jina la mvulana anayewafuata wasichana. Alikuwa na paji la uso la Baba, lile lile, kama lililochongwa na mtu mmoja.

Wiki ile joto liliwashinda hata wenyeji. Asubuhi ilinyesha mvua ya kudanganya, kisha jua likatoka na ardhi ikafuka kama sufuria iliyofunuliwa. Hakuna jani lililotikisika. Nguo zilishinda kambani na jioni zilikuwa bado mbichi. Jasho lilitoka, likabaki juu ya mtu, halikauki, linateleza tu. Na Koko, katika joto lile, alifanya alichojua: aliziba dirisha na kuleta chungu, mara tatu kwa siku.

Mama Bijoux, mwenye nyumba, alisimama mlangoni akijipepea kwa pindo la kikwembe alichojifunga. Mume wake alikuwa karani wa serikali aliyeletwa kutoka Kisangani.

"Mama Masika, munalea mutoto ao munamupika?"

Mama alicheka kidogo, amelala. Koko ndiye aliyejibu. "Huyu ni mutoto ya ku mulima. Upepo itamubeba."

"Upepo gani, Koko? Weye uliona upepo hapa Beni tangu siku ya dimanche? Kama iko, uniitie, niko na bouillie, uji ya moto, ya kupoza! Kwetu mutoto analala buchi mu baraza, lakini anakomala."

"Ndiyo maana bwana yako anasinziaka ku bureau."

Mama Bijoux alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha kucheka. "Masasi ya bunduki munaikimbia na miguu, halafu munaogopa upepo," alisema, akaenda zake.

Koko akanishika kidevu. "Masika, uniangalie. Hata nani aseme nini, hapana fungula ile dirisha. Baba yako tulimuacha kule. Huyu hatutamuacha."

Siku ya tano Koko alikwenda sokoni kutafuta makaa, akamchukua Katungu. Alikuwa ameacha chungu kando ya kitanda, kikitoa mvuke. Mama alilala usingizi wa mtu aliyeanguka. Muhindo alikuwa amelia tangu alfajiri. Ilipokaribia saa sita, akanyamaza.

Nilimgusa. Siku zote shingo yake ilikuwa majimaji, kama shingo zetu sote. Safari hii ilikuwa kavu, na ya moto kama jiwe la mekoni. Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo ninaporudi kila mwaka: nilipoona amekauka, nilifurahi. Nilidhani anapona. Nilikaa, sijui kwa muda gani, nikimwangalia kwa furaha. Halafu nikaona mdomo wake unafunguka na kujifunga bila sauti.

Nikayang'oa matambara. Hakikuingia kitu. Hewa ya nje ilisimama pale dirishani kama mbuzi anayekataa kamba. Nikampepea kwa ungo mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikuwa nasukuma mvuke ule ule kwenda na kurudi. Mwishowe nikafanya kile ambacho mtoto wa Vuhovi alijua kufanya. Niliweka midomo dirishani na kupiga mluzi, taratibu, kama kwenye maharagwe.

"Kuya," nikasema. "Kuya uone, yuko hapa."

Ukaja. Haukuja mara moja. Nilipiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Kwanza mabati yalilia upande wa msitu, halafu vumbi likanyanyuka barabarani, halafu upepo ukaingia, mzito, wa baridi, una harufu ya mvua. Kwa mara ya kwanza tangu tufike Beni ngozi yangu ilikuwa yangu. Nikamnyanyua Muhindo nikampeleka dirishani aupokee. Kichwa chake kililala mkononi mwangu bila kushikwa na shingo, na mdomo haukufunguka tena.

Mama aliamka na kuuliza kwa nini kuna baridi. Koko alikuwa mlangoni, mfuko wa makaa kichwani, Katungu nyuma yake.

"Nani alipiga mluzi?"

"Ni Masika," alisema Katungu. "Nilimuona ku dirisha."

Koko hakunipiga. Alimchukua mtoto, akamweka mikononi mwa Mama, na kabla ya kulia alikwenda kulifunga dirisha.

"Upepo ilimuona," alisema.

Nilikua na sentensi hiyo. Nikaipeleka chuoni Butembo, kwenye kitivo cha kilimo, ambako profesa mmoja alitundika vipimajoto viwili, kimoja kikavu, cha pili kimevikwa kitambaa chenye maji. Akavipepea: chenye kitambaa kikashuka. Akavifunika juu ya maji ya moto: vikalingana. Mwili, akasema, hupoa jasho likikauka. Hewa ikishiba maji, jasho halina pa kwenda; upepo ukisimama, hata ile hewa iliyoshiba haiondoki kwenye ngozi. Ndiyo maana joto lile lile mtu hulibeba mahali pamoja na mahali pengine likamwangusha. Niliacha daftari mezani nikatoka.

Donc, yaani basi, hoja yangu ilikamilika. Mabati, mvuke, dirisha lililozibwa. Upepo haukumuua ndugu yangu, ulichelewa. Na kama mnatafuta mshitakiwa, msianze na bibi. Anzeni na waliomng'oa mwanamke mzee kwenye baridi aliyoijua, wakamtupa kwenye joto asilolijua akiwa na dawa ya baridi mkononi. Hao hawataulizwa. Niliisema hoja hii jukwaani, kwa majina ya kubuni, wakanipigia makofi.

Koko alikuwa amekwisha kufa. Nikaenda kumshinda Mama kwa hoja hiyo. Tulikuwa tumerudi Butembo zamani. Alikuwa anamenya viazi karibu na dirisha. Nilimweleza yote, hata vipimajoto. Alisikiliza bila kunikatiza, kisu kikizunguka.

"Donc hapana upepo," alisema.

"Hapana, Mama."

"Ni ile chungu."

"Chungu, na kufunga."

Kisu kikasimama. "Ile asubuhi Koko alichoka. Alisema, leo tuache chungu. Miye ndiye nilimuambia alete."

Nimejibu wanaume wenye diploma mbili, sijawahi kukosa neno. Nilijua nimebeba nini tangu miaka tisa, na nilijua uzito wake hadi gramu ya mwisho, na nikamwona mama yangu ananyoosha mikono aupokee.

"Baprofesa banasemaka mingi, Mama," nikasema. "Miye nilipiga mluzi. Labda ni upepo."

Sijui kama aliniamini. Kisha akafuta mikono, akainuka, akafunga dirisha, ingawa nje hakuna hata jani lililotikisika.