Uyoga Uliorudishwa Mjini

Mume wangu alikuwa mtu wa Kigoma, na watu wa Kigoma hawaogopi uyoga. Binti yetu alipouweka mezani, umekauka ndani ya chupa ya jamu, mume wangu alicheka. Alikuwa hajacheka tangu daktari amwambie kwamba saratani imefika kwenye ini. Aliitikisa ile chupa karibu na sikio, akasema mama yake angeona aibu kumpikia mgeni uyoga mwembamba namna hiyo.

Mimi nilikasirika. Tulikuwa tunaishi Greenbelt, upande wa jimbo la Maryland. Binti yetu alipanga chumba Columbia Heights, ndani ya jiji la D.C., ambako wapiga kura walikwisha kuwaambia polisi waache kuhangaika na mtu mzima mwenye uyoga wa kulevya. Kwake ilikuwa kama kupita dukani kuchukua mkate. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na siku hiyo alinijibu, "Mama, it's only mushrooms." Nilimwambia kwamba katika nyumba yetu siku hizi hakuna kitu cha kuitwa uyoga tu.

Maumivu yalikuwa na dawa. Hofu haikuwa nayo. Mwanamume aliyeendesha basi la shule miaka yote bila kupandisha sauti, sasa hakutaka nifunge mlango wa bafuni ninapooga, kwa sababu asiponiona alihisi ameshakufa. Mchungaji alikuja akaomba, naye akaitikia amina kwa heshima. Mchungaji alipotoka, mume wangu alinishika mkono akaniuliza kama kule aendako kuna giza. Daktari aliposikia hayo alisema yapo majaribio ambamo wagonjwa kama yeye hupewa uyoga huo chini ya uangalizi, na baadhi yao hofu hupungua. Yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kumpa. Binti yetu alikuwa amekaa palepale akisikiliza, na wiki hiyohiyo chupa ikaingia nyumbani.

Jirani yetu, mama mmoja Mkongomani wa kutoka Bukavu, alikuwa akija kunisaidia kumgeuza mgonjwa kitandani. Nilimwonyesha chupa, akaketi. Kaka yake alikuwa amenunua bangi dukani, hadharani, jimbo likiwa limeshairuhusu. Akalisema hilo kwa moyo mweupe mbele ya afisa wa uhamiaji, na uraia akaukosa.

"Dada, hapa bakikuambia ruhusa, uulize kwanza ni ruhusa ya nani," alisema.

Hapo ndipo akili iliponikaa sawa. Jiji lina sheria yake, jimbo lina yake, na serikali kuu, yenye karatasi zetu, ina yake, na kwake uyoga ule ni dawa za kulevya popote utakapouponda. Binti yetu, raia wa kuzaliwa, angeula leo na kesho akaenda kazini. Mimi nilikuwa nangoja usaili wa uraia. Bila uraia nisingeweza kumwombea mama yangu kibali cha kuja, naye yuko Kigoma peke yake na macho yamekwisha.

Hata hivyo nilitaka kumpa, na sioni haya kulisema. Nilibandika maji ya chai, niutie uyoga ule ndani. Mume wangu alisikia birika likianza kuchemka, akaniita chumbani.

"Zima," alisema. "Wakikuuliza kwenye usaili kama uliwahi kumpa mtu dawa hizo, utasema nini?"

Nikamwambia nitadanganya.

"Wewe hujui kudanganya, mke wangu. Uso wako unasema kila kitu. Tungoje sheria."

Kulikuwa na mswada kule Annapolis, kwenye bunge la jimbo, wa kuwaruhusu watu wazima wa Maryland kuwa na uyoga huo na kuutumia. Wote wawili tulijua kwamba hata ukipita, mbele ya serikali kuu hali yangu ingebaki vilevile. Lakini mgonjwa anataka kitu cha kungojea. Binti yetu alirudisha chupa mjini bila kuniaga, analia kwa hasira, na baba yake akaanza kuufuatilia mswada kwenye simu kama wenzake walivyofuatilia mpira. Alijua uko kwenye kamati gani, nani ameuunga mkono, nani anausumbua. Siku alizokuwa na habari za kunipa, alikula uji vijiko kadhaa.

Kisha kikao cha bunge kikaisha bila kura kupigwa. Walisema jambo hilo lichunguzwe zaidi, lije tena mwaka unaofuata. Niliisoma habari hiyo jikoni, nikaificha simu yake chini ya mto wa kochi.

Alikufa siku chache baadaye, asubuhi, dirisha wazi, watoto wa jengo letu wakipiga kelele kituoni wakingoja basi lao. Wanaoniambia kwamba alipumzika kwa amani hawakuwapo. Alikuwa ameng'ang'ania kanga yangu, anatetemeka mwili mzima, macho yamemtoka.

"Mswada umepita?" aliniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Alinitazama usoni kwa muda mrefu na hakuona kitu. Kumbe nilijua kudanganya. Ningeweza kumpa ile chai, nikaenda mbele ya afisa yeyote na uso huuhuu.

Usaili ulifika wakati wa baridi. Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Katika maswali yake aliniuliza kama niliwahi kuuza au kumpa mtu yeyote dawa za kulevya. Nilisema hapana. Aliandika, akatabasamu, akanipongeza, na mimi nikamshukuru kama watu wanavyoshukuru.

Binti yetu alikuwa ananingoja ndani ya gari. Tangu mazishi tulikuwa tukiongea ya lazima tu. Siku hiyo aliniuliza kwa Kiswahili.

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Nilisema sikumpa."

Aliwasha gari, tukarudi Greenbelt.