Jibini ya Bochaberi na Sisimizi wa Jikoni

“Umeniuzia sukari, Kwamboka! Usinikodolee macho. Sukari nyeupe, umeisaga, ukaitia kwa vipakiti, ukaniambia hii ndiyo haina madhara!”

Bochaberi alikuwa amesimama katikati ya duka pale Keumbu, kikapu cha ndizi bado kichwani. Wanawake wawili waliokuja kununua sabuni waliisahau sabuni wakajiegemeza ukutani.

“Mama Brandon, teremsha sauti,” Kwamboka akasema nyuma ya kaunta. “Na uteremshe hizo ndizi, zitakuvunja shingo kabla sukari haijakumaliza.”

“Shingo ni yangu. Eleza.”

Bochaberi, mke wa Onsongo, hakuzaliwa jana. Alilima chai na ndizi kwenye mteremko ulio chini ya barabara, na maisha yalikuwa yamemfundisha kuchunguza kila kitu. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyachemsha na baada ya kuyachemsha. Kanisani, watu wakiambiwa wafumbe macho waombe, yeye alifumba moja, lingine likabaki kulinda mkoba.

Mwaka huo walimpata na kisukari. Muuguzi akamwambia aache ugali, chapati, ndizi na sukari, arudi apimwe mara mbili. Mara zote mbili sukari ya damu ikikataa kushuka, ataanzishiwa sindano. Bochaberi alizijua sindano. Dada yake mkubwa alidungwa kila asubuhi mpaka akaingia kaburini, na aliyekuwa akimshikilia paja ni yeye Bochaberi. Afadhali apalilie shamba zima la chai kwa kucha kuliko kuirudia ile kazi, safari hii paja likiwa lake.

Basi akaushika mwiko. Ugali akauaga. Kwamboka alikuwa ameanza kuuza jibini na unga wa utamu wa vipakiti, wa kutia kwenye chai badala ya sukari, vitu ambavyo watu wa ofisi walisimamisha magari kununua, na Bochaberi akawa mteja wake mkubwa. Aliporudi kupimwa mara ya kwanza, sukari ilikuwa imepanda. Uzito nao ukapanda.

Alianza kwa kumshuku Onsongo, kwamba anamtilia unga kwenye mboga. Akaishuku mashine ya muuguzi. Mwisho akamfikia Kwamboka, na hapo roho ikatulia, kwa sababu Kwamboka alikuwa na kuku wake. Wageni wa mahari walipokuja kwa binti ya Kwamboka, mama mtu alikimbia kwa Bochaberi kuazima kuku, yule mweusi anayetaga, akaapa wiki ijayo atarudisha mwingine. Mwanawe Brandon wakati huo alikuwa shule ya msingi. Sasa ananyoa ndevu. Mtu aliyekula kuku wako akafyonza mifupa atashindwa kukusagia sukari?

Akafanya jaribio lake. Alimwaga unga wa kipakiti juu ya jiwe la jikoni, akaketi kuulinda. Sisimizi wakaja, kwanza mmoja, kisha ukoo mzima kwa foleni.

“Onsongo! Njoo uone mashahidi!”

“Wape viti basi,” Onsongo akajibu kutoka nje.

Habari hiyo ya sisimizi ndiyo aliyoimwaga sasa mbele ya wanunuzi wa sabuni. Kwamboka hakucheka. Alichukua kipakiti, akakisogeza mbali na macho, akasoma yale maandishi madogo ya nyuma.

“Ni kweli,” akasema polepole. “Kuna glukosi kidogo, ya kuujaza huo unga. Mtu akitumia viwili vitatu kwa siku, haimdhuru.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Ulikuwa unabeba boksi zima, Bochaberi! Nikadhani unagawia kanisa. Kwani kikombe kimoja unatia vingapi?”

“Chai yangu ilikuwa ya vijiko vitano. Sasa ni ya vipakiti vitano. Nitie vingapi tena?”

Mmoja wa wale wa sabuni akakohoa. Kikombe cha Bochaberi walikijua: cha bati, kikubwa, na hakikauki tangu asubuhi.

“Uwii! Kipakiti kimoja utamu wake ni kama vijiko viwili vya sukari! Na jibini unakula kiasi gani?”

Hapo Bochaberi akatua kikapu ili apate mikono. Akavikusanya viganja pamoja, akaonyesha mviringo mzima, ukubwa wa ugali wa jioni wa mtu aliyetoka kuchuma chai.

“Ugali umetolewa kwa sahani. Mahali pake pabaki wazi? Naifinyanga, nailainisha kwa kijiko cha maji, mboga kando. Namega.”

Kwamboka alikipima kile kilima kwa macho. Yeye pia alikuwa amelelewa milima hiyohiyo, ambako sahani isiyo na kilima ni sahani ambayo haijapakuliwa.

“Jibini ni vidole viwili,” akasema, akiinua vyake. “Hivi. Wanga wake ni kidogo, lakini ukila kilima, hicho kidogo kinakuwa kingi, na mafuta yote unayabeba wewe.”

“Vidole viwili ni chakula cha panya.”

“Ulishaona panya mnene kama sisi?”

Bochaberi hakucheka. Alimtazama kwa jicho lile la kanisani. “Na wewe unapata nini ukiniambia nisinunue?”

Kwamboka akalichukua boksi lililokuwa juu ya kaunta, akalirudisha kwenye rafu. “Leo sikuuzii. Maliza ulivyo navyo, vitatu kwa siku, na ukiweza usitie kabisa. Nilipaswa kukwambia zamani.”

Kwamboka kukataa kuuza! Jambo hilo lilimtisha Bochaberi kuliko sisimizi.

Tangu jioni hiyo kilima kikawa cha mboga za majani, managu na chinsaga, jibini vidole viwili juu. Onsongo akauliza kama aende kumkatia majani ya Napier ya ng'ombe pia. Chai isiyo na utamu ilimkunja uso wiki nzima, kisha uso ukazoea.

Siku ya kupimwa mara ya pili, muuguzi akatabasamu. Imeshuka, sindano hakuna, endelea hivyo hivyo.

“Nipime na ile mashine nyingine,” Bochaberi akasema.

Ile nyingine nayo ikasema vilevile. Onsongo, aliyekuwa amemsindikiza, akatangulia na habari.

Alipofika Keumbu, Kwamboka alikuwa mlangoni na kuku mweusi, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

“Onsongo amepita akaniambia umeepuka sindano.”

“Mdomo wa Onsongo!”

“Shika. Huyu hana wanga. Huyu mle mpaka mshibe.”

Bochaberi alimpokea, akampindua, akapuliza manyoya, akambonyeza tumboni.

“Wangu alikuwa anataga.”

“Na huyu anataga.”

Akabonyeza tena. Yai lilikuwepo, gumu chini ya kidole.

“Na vifaranga vya miaka yote hiyo?”

“Bochaberi!”

“Haya. Vifaranga nimekusamehe.”

Akamtia kuku kwapani akashika njia ya nyumbani. Alipofika kwenye kona, akambonyeza mara nyingine.