Nilivyochagua skimmer ya tanki la bahari hapa Tabora, na ubani wa Mama ulivyonipa somo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naandika nikiwa kwenye stuli mbele ya tanki langu, vidole vimekauka kwa chumvi, na furaha niliyonayo siwezi kuimaliza peke yangu. Haya yametokea kwangu, hapa Isevya. Chumvi ipo kwenye maji tu, kwenye stori sijaongeza hata punje.

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza, maji ya bahari Tabora yametoka wapi? Tulia mkuu, tunafika.

Mimi ni fundi mafriji. Naishi na mke wangu, watoto na Mama yangu mzazi. Mama amezaliwa hapahapa mjini, ameolewa hapahapa, na bahari hajawahi kuiona hata siku moja.

Ila ameisikia. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo begani kwa mguu kutoka hapa hadi pwani na kurudi. Uzeeni akawa anamsimulia Mama: kule kuna maji hayana ng'ambo, yana chumvi kali, na yanatembea yenyewe bila kusukumwa na mtu. Mama alikuwa mtoto, akaona anataniwa. Mpaka leo anatamani kujua kama yule mzee alisema kweli.

Nilimwahidi kumpeleka. Nikawa nasogeza mbele, mara kazi, mara ada za shule. Siku niliyosema sasa tunakwenda, magoti yake yalikuwa yameshakataa, hata sokoni kufika ni shughuli. Iliniuma sana wakuu, sitawaficha.

Ndipo nikajiongeza. Kama Mama haendi baharini, basi bahari ije kwa Mama!

Fundi vioo wa mtaani akanigongea tanki la lita mia na ishirini. Chumvi maalum ya kukoroga kwenye maji ya kawaida yawe ya bahari, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na vipande vitatu vya matumbawe laini, vyote vilitoka kwa jamaa wa Dar anayezalisha mwenyewe nyumbani kwake. Nitamwita Shafii. Mzigo ulifika mzima, nikaubeba kama nimepokea mtoto kutoka leba.

Mama aliyaita matumbawe "maua". Kila asubuhi nikimwamkia, baada ya marahaba swali la pili ni, "Maua yameamkaje?"

Miezi ya mwanzo kila kitu safi. Halafu maji yakaanza kuwa ya njano, maua yakaanza kufumba. Shafii akaniambia, "Fundi, huna skimmer. Hao samaki wanakunya humo humo wanamoishi, unategemea nini?"

Kwa msioijua, protein skimmer ni mashine inayopuliza viputo vidogo sana ndani ya maji. Uchafu unanata kwenye viputo, unapanda na povu hadi kwenye kikombe cha juu, wewe unakwenda kumwaga. Basi, hiyo ndiyo kazi yake.

Sasa kuchagua ndiyo palikuwa na kasheshe. Nilikuwa na uwezo wa kununua moja tu, nikikosea nimekwisha.

Ya kwanza ilikuwa mtandaoni, mpya, kubwa, boksi limeandikwa inafaa hadi lita mia tano, na bei chee! Nusura nibonyeze. Ya pili ilikuwa ya Shafii, imetumika, ndogo, ya kuning'inia nyuma ya kioo, ya lita mia na hamsini tu. Bei zilikaribiana.

Hapa ufundi ukanisaidia. Yale maandishi ya boksi niliyapuuza, kwa sababu hata friji huwa zinaandikwa maneno matamu. Nikaangalia pampu. Ile kubwa haikuonyesha pampu ya aina gani wala spea zinapatikana wapi. Ya Shafii nilimwambia aifungue mbele ya kamera, nikaona feni yake ina vijisindano vya kuvunja hewa, na feni nyingine ya akiba anayo. Nikamwambia achomoe umeme, achomeke tena. Ikawaka yenyewe bila kusukumwa wala kumwaga maji. Kwa mikatiko ya umeme ya huku kwetu, hicho ndicho kipimo namba moja. Nikachukua ndogo.

Nikafunga. Nikasubiri povu.

Wapi!

Viputo vipo, povu halisimami. Shafii akasema skimmer ikihama nyumba huchukua siku kadhaa kutulia, nivute subira. Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili. Siku nyingine povu linapanda kidogo hadi naita watu waje kuona, kesho yake limekufa kabisa. Nikaanza kumshuku Shafii kwamba kanipiga. Nilimpigia simu kwa hasira, Mungu anisamehe.

Yeye akauliza kwa upole tu, "Mikono yako haina mafuta? Hampulizi dawa ya mbu hapo?" Nikasema hapana. Na kweli hapana.

Huku nyuma Mama alikuwa ameshawaalika wenzake wa kisomo cha Kurani waje Jumapili kuiona bahari yake. Dah! Maua yote matatu yamefumba, yamesinyaa. Nikikumbuka atakavyokaa mbele ya wenzake na maji ya njano, usingizi hauji.

Ikafika Alhamisi. Hapa kwetu Alhamisi jioni Mama hakosi kufukiza ubani na udi, anamwombea marehemu baba, nyumba nzima inanukia. Nimekua na harufu hiyo, hata siisikii tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye stuli hii hii. Mama akaja taratibu na chetezo chake kinafuka, akakiweka chini, ubavuni mwa tanki kabisa. Akasema, "Nayafukizia na haya maua kila ukienda kazini, tangu yaanze kuumwa. Mungu atayapa afya."

Nikatazama moshi. Wakuu, ule moshi ulipanda, ukapinda, ukaingia wote kwenye kimrija cha hewa cha skimmer!

Niliruka kutoka kwenye stuli. Skimmer inavuta hewa ya sebuleni! Mafuta ya udi yanaingia kwenye maji, na povu na mafuta havikai pamoja, yeyote aliyeosha sufuria ya pilau anajua. Kadiri maua yalivyozidi kuumwa, Mama alizidi kuyafukizia, na kadiri alivyofukizia, ndivyo yalivyoumwa.

Lakini utamwambiaje mama yako maneno hayo? Sikuweza. Nikachukua mrija mrefu, nikaunga, nikaanza kutoboa wavu wa dirisha la barazani ili niupitishe nje.

"Hamisi, wavu wangu umekukosea nini?"

Ikabidi niseme. Aliangalia chetezo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ni mimi ninayeyaua."

Moyo ulinikatika. Nikamwambia mwenye kosa ni fundi aliyefunga mashine bila kuangalia inavutia wapi. Akafuta macho, akabeba chetezo chake. "Basi nitafukizia barazani."

"Mama, hapana! Mrija umetokea huko huko!"

Tulicheka hadi mke wangu akaja kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Mwisho mrija ukapelekwa dirisha la uani, na chetezo kikabaki sebuleni kwake, kwa heshima zote. Nikabadilisha sehemu ya maji, nikaweka mkaa maalum wa kuchujia.

Jumamosi asubuhi kikombe kimejaa! Maji meusi kama kahawa ya kijiweni, yananuka balaa! Nilimpigia Shafii kuomba radhi huku napiga kelele.

Jumapili wenzake Mama wakafika. Ua moja limefunguka lote, la pili nusu, la tatu bado linajivuta. Maji meupe pe. Mama akachovya kidole, akakilamba kabla sijamzuia. Akafumba macho.

"Babu hakunidanganya," akasema.

Nilitoka nje, nikajifanya nakagua mrija.

Wakuu, nilichojifunza: chagua skimmer kwa pampu, spea na tabia yake umeme ukirudi, si kwa ukubwa wa namba kwenye boksi. Ila kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, fuata mrija wa hewa ujue unavuta nini nyumbani kwako.

Karibuni mnikosoe, wenye uzoefu mseme. Na nina swali, tafadhali msipite kimya. Wageni walipoondoka Mama alirudi mbele ya kioo, akatazama weee, kisha akaniambia, "Chumvi nimeionja. Sasa mbona hayatembei?"

Nani anajua pampu ya mawimbi ya bei ya kawaida?